Kilemba Mbele ya Daktari

Wapendwa, mfano huu alinipa Mama Ndekirwa, jirani yangu, tukiwa tunachambua mboga. Nauleta kwenu kama nilivyoupokea.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mwanawe wa pekee akataka kuoa. Siku ya posa jua lilikuwa kali, na kilemba cha yule mama kikalegea kwa jasho. Nyusi zikashuka, kope zikafunika nusu ya macho. Kina mama wa upande wa binti wakanong'onezana: "Mmemwona huyo? Ndoa bado, mama mkwe keshanuna!" Binti akasikia. Akalia, akasema haolewi kwenye nyumba ya mama mkwe asiyemtaka.

Lakini mama hakuwa amenuna. Ngozi ya uso ilikuwa imechoka tu. Akaenda kwa daktari wa upasuaji, kilemba amekikaza mpaka paji la uso linang'aa.

"Daktari, nikate hizi kope. Nataka mkwe wangu aone ninavyomfurahia."

"Vua kilemba kwanza, mama."

"Kilemba kimefanya nini? Mimi naumwa kope, wewe unataka nywele!"

"Kilemba kimeshikilia nyusi. Huenda zilizoanguka ni nyusi, si kope. Nikikata kope bure, nyusi zitavutika chini zaidi. Utanuna mpaka kaburini, mama yangu."

Akakataa. Unajua kwa nini? Miaka ya kukaza kitambaa ilikuwa imemmaliza nywele za mbele, naye hakutaka mtu auone upara ule. Akasema, "Kata kope, au niende zangu."

Daktari akazima tochi yake. "Nenda, mama. Sikati nisichokiona."

Je, daktari yule alikuwa mkatili?

Sasa tujitazame sisi. Tunapiga magoti, tunasema, "Bwana, niondolee hasira hii." Kumbe hasira ni kope tu. Kilichoanguka kiko juu yake: labda ni wivu, labda ni msiba ambao hatujaulilia. Hicho tumekifunga vizuri kwa kitambaa kilichopigwa pasi, tukaja nacho mpaka madhabahuni. Halafu tunalalamika kwamba Mungu hasikii. Dada yangu, anasikia. Anakataa kukukata mahali pasipo na ugonjwa. Hiyo nayo ni huruma.

Na yule mama? Kesho yake asubuhi hakuanza na hospitali. Alikwenda kwa kina binti, akapiga hodi, akafungua kilemba palepale mlangoni.

"Mwanangu, nitazame. Huu ndio uso wangu. Haujakununia."

Binti akamtazama sana. Kisha akasema, "Karibu, mama. Hujanywa chai."

Walipomaliza chai wakaenda wote kwa daktari. Akaziinua nyusi kwa vidole viwili, macho yakafunguka.

"Ni nyusi," akasema. "Kope zako ni nzima."