Kiti cha Kando ya Bibi Talaso

Hapo zamani, na msinikodolee macho, sisemi zamani ile ya sungura na fisi. Ni zamani ya juzi tu, simu zipo, magari yapo. Hapo zamani, mjini Isiolo, aliishi bibi mmoja jina lake Talaso, na macho yake yalikuwa yanamwacha. La kushoto lilishazima. La kulia lilibaki na mwanga kidogo, tena saa za mchana tu, jua likiwa kali.

Daktari hakumzungusha. Alimwambia, "Mama, mvua za Oktoba zikifika, na hilo la kulia litakuwa limezima."

Wewe ungelia. Mimi ningelia. Bibi Talaso alirudi nyumbani, akanywa chai yake ya maziwa ya ngamia mpaka chini, halafu akamwita mwanawe Wario, dereva wa lori aliyestaafu, na wajukuu wake watatu: Diramu, Galgalo na Qabale.

"Agosti tunakwenda likizo," akasema. "Korongo Jekundu."

Wote wakatazamana. Korongo Jekundu liko kaskazini, siku mbili kwa gari, ndani ya jangwa la mawe ambako hata mbuzi hufikiria mara mbili. Kuta zake ni ndefu kuliko mnara wa msikiti, na chini kabisa kuna dimbwi lisilokauka. Kando ya dimbwi hilo, chini ya mwamba uliojikunja, ndipo mama yake Bibi Talaso alipomzaa, wakihama na ngamia. Aliondoka pale akiwa na miaka kumi. Hakurudi tena.

"Tutalala kwenye mahema, tutapika nje, tutacheka," akasema. "Na mmoja wenu wajukuu atakaa kando yangu. Yeye ataniambia kilichopo, nami nitamwambia kilichokuwapo. Jina la kila mwamba, nani alizikwa wapi, nani aliimba wapi. Huyo atakuwa jicho langu, na nikifa, korongo litabaki kwake. Sitaki kusikia neno haliwezekani."

Wario alimjua mama yake, akaanza kuhesabu pesa za dizeli.

Sasa sikilizeni kazi zilizofanyika.

Wa kwanza, Diramu. Huyu alikuwa fundi wa magari. Uani kulikuwa na gari la marehemu babu yao, moja ya yale magari ambayo magurudumu yote manne huvuta. Lilikuwa limelala miaka sita, kuku wakitagia kwenye viti. Mafundi wenzake wakaja, wakachungulia injini, wakacheka. "Dada, hiki ni chuma chakavu, utajiua bure."

"Litawaka," akasema Diramu.

Kila jioni akitoka kazini, alivua viatu vya kazi akavaa vibovu zaidi, akaingia chini ya gari. Miezi mitatu! Aliifungua injini mpaka parafujo ya mwisho. Siku moja maji ya moto ya kuoshea vyuma yakamrukia, yakamchuna mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko. Akaufunga kwa kitambaa, akarudi chini. Siku ya tisini gari likanguruma, kuku wakatawanyika uani wakipiga kelele kama wameona mwewe.

Bibi akatoka akipapasa ukuta. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale mpaka mtikisiko ukampanda begani. Akasema, "Nimeona."

Wa pili, Galgalo. Huyu, jamani, alikuwa fundi cherehani. Kijana wa kivulini, kucha safi, kola imenyooka. Barabara ya kwenda korongoni ilikuwa imezolewa na mafuriko, na ramani ya simu bado ilionyesha njia iliyokufa. Galgalo akasema, "Nitaitafuta nyingine."

"Wewe?" Diramu akacheka. "Na hizo soksi?"

Alikwenda na hizo soksi. Akadandia lori la mbuzi hadi kituo cha mwisho, kisha akaungana na wachunga ngamia kwa miguu. Siku tisa! Walimwonyesha miteremko ya ngamia, naye akatafuta ule ambao gari pia lingeupita. Akaupata. Kila penye kona akapanga mawe: matatu, geuka kulia, mawili, geuka kushoto. Alirudi midomo imepasuka, viatu vimebaki nyuzi, na mfukoni ana kipande cha jiwe jekundu alichokibandua kwenye ukuta wa korongo.

Bibi akalipapasa lile jiwe. Akalinusa. Halafu, bila haya, akaliramba.

"Lina chumvi," akasema. "Ni kwetu. Nimeona."

Wa tatu, Qabale, kitinda mimba, mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Nyumbani walimwita Bi Wasiwasi, maana aliuliza maswali mengi kuliko askari wa kizuizi cha barabarani. Siku ya kupanga mizigo akauliza, "Maji mmepima?"

"Madumu manne," Diramu akajibu. "Watu watano, siku nne."

"Wachunga ngamia hubeba pungufu ya hapo," akaongeza Galgalo.

"Tujaribu kwanza," akasema Qabale.

Wakamzomea. Lakini msichana akang'ang'ana, akakataa kushuka kwenye gari, mpaka baba yake akachoka. Wakapakia kila kitu kama siku ya safari, wakaenda kwenye mto mkavu nje ya mji, kusikokuwa na bomba wala kisima. Siku mbili, wakinywa madumu yale manne tu, gari likipanda na kushuka kwenye mchanga mzito. Injini ikachemka. Diramu akaimiminia dumu zima kwenye rejeta, tangi la kupozea injini. Ikachemka tena. Adhuhuri ya siku ya pili Galgalo akainua dumu la mwisho apige funda, likawa jepesi mkononi. Hawakuwa jangwani, mji ulikuwa karibu. Lakini kila mmoja alijiona akiwa kule kwenye mawe, na Bibi ameketi garini, hakuna hata tone la kumpa.

Mmeona kosa lao? Galgalo alijifunza kupima kwa wachunga ngamia, na ngamia akishakunywa huvumilia siku nyingi, hahesabiwi kwenye mgao. Diramu amezoea kujaza rejeta kwa mpira wa bomba gereji, hajawahi kupima. Basi wote walihesabu watu wanaokunywa, wakamsahau mnywaji mkubwa kuliko wote, gari lenyewe.

Bibi akapelekewa dumu tupu. Akalitikisa sikioni, akasikiliza. "Nimeona," akasema.

Sasa shika hapo, usiachie. Qabale akapiga hesabu mpya: madumu kumi na mawili ya kwenda na kurudi, maana maji ya dimbwi ni ya chumvi, mbali na dizeli. Uzito huo ukiongezwa juu ya watu watano, mteremko wa Galgalo haupitiki. Kitu lazima kitoke. Na kilichotoka ni viti vya nyuma. Diramu mwenyewe alishika spana akavifungua, machozi yakimdondokea kwenye mikono yenye grisi. Mbele zilibaki nafasi tatu. Wario kwenye usukani, maana wajukuu hawakujua kuendesha juu ya mawe, Bibi, na mtu mmoja.

Usiniulize habari ya gari la pili, halikuwepo la kuaminika kwa mawe yale. Usiniulize habari ya safari ya pili. Mvua ikishanyesha, njia imefungwa, na jicho limezima.

Wario akajaribu njia ya busara. "Aende yule tutakayemhitaji njiani. Diramu, gari likiharibika?"

"Baba, nimekufundisha wiki tatu. Kila nati unaijua. Vipuri nimevipanga chini ya kiti."

"Galgalo, tukipotea?"

"Hampotei. Mawe yapo. Na wachunga ngamia wanawasubiri mlangoni mwa korongo, nimeshaongea nao."

"Qabale, maji?"

"Nimepiga mistari ya rangi kwenye kila dumu, Baba. Mstari mmoja, nusu siku. Mkifika mstari wa bluu, yaani nusu ya maji yote, na hamjafika dimbwini, geuzeni."

Hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri mno hata safari haikumhitaji tena. Kiti hakikuwa cha kazi. Kilikuwa zawadi.

Asubuhi ya kuondoka gari likanguruma uani. Bibi Talaso alishaketi mbele, shuka jipya mabegani, mlango wa upande wa pili uko wazi. Wajukuu watatu walisimama mbele ya mlango huo, na kila mmoja alikuwa na mkoba wake mkononi.

"Bibi, bila mimi kuku wangekuwa wanatagia humo mpaka leo," akasema Diramu. "Nimeungua kwa ajili yako. Nimeking'oa hata kiti changu kwa mikono yangu. Nataka kwenda, sioni haya kusema."

"Bila mimi mngekuwa na gari la kuzunguka sokoni," akasema Galgalo. "Mimi peke yangu ndiye niliyelifikia korongo. Lakini, Bibi, sikuingia. Nilibandua jiwe kwenye ukuta wa mlangoni nikageuka, nikasema nitaingia na wewe. Wallahi niligeuka!"

Qabale alikuwa analia, lakini hakushusha sauti. "Bila mimi mngekwenda, msirudi."

"Bila wewe tungekuwa na viti!" Diramu akafoka.

"Ndiyo. Nilijua viti vitatoka kabla sijasema. Nilijua na changu kitatoka. Nikasema."

Wario akaangalia usukani. "Mama, tupige kura," akasema taratibu.

"Sipigi kura juu ya wajukuu wangu," akasema Bibi. "Nileteeni mikono."

Wakamletea, mmoja baada ya mwingine. Akapapasa mkono wa Diramu, ile ngozi ya kuungua iliyojikunja. Akapapasa mkono wa Galgalo, kucha zimevunjika, miiba bado imo. Akapapasa mkono wa Qabale, kiganjani kuna sugu mpya ya vishikio vya madumu. Hakuharakisha. Jua lilikuwa linapanda, na yeye alihitaji kila saa ya jua iliyobaki.

"Nimeona," akasema. Kisha akaita jina moja. Aliyeitwa akapanda, mlango ukafungwa, wawili wakabaki uani na mikoba yao, wakipunga mkono mpaka vumbi likatua.

Jina hilo ninalo, lakini sitalitoa. Yeye aliamua kwa jicho moja bovu. Nyinyi mmekaa hapa na macho mawili mazima kila mtu. Haya, acheni kunong'onezana, semeni kwa sauti: kati ya aliyefufua gari, aliyeipata njia, na aliyejinyima kiti ili wengine warudi wazima, nani alistahili kuwa jicho la Bibi Talaso?