Nani Alimfikisha Limi Singida

Sogeeni karibu kidogo, maana sauti yangu imechoka na miguu nayo imechoka. Jumamosi hii natakiwa kusimama mbele ya wenzangu na kutaja jina moja, na jina lenyewe sinalo. Nitawaeleza yote kama nilivyoyaona, bila kumpendelea mtu. Mkishasikia, mnisaidie.

Kuna watu watatu. Wa kwanza anaitwa Kitundu, anauza maziwa pale Igunga. Kifua chake kipana, na analoliweza ni upepo. Akitangulia yeye, anayemfuata nyuma hapigwi na upepo hata chembe. Wa pili ni Gunda, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Analoliweza liko mikononi. Baiskeli ikianza kulia, yeye anajua kinacholia kabla hujasimama. Wa tatu ni mwanamke, Nyanzobe, na huyu hajui hata kupanda baiskeli. Yeye anaendesha pikapu inayofuata kundi letu, yenye maji na mizigo. Analoliweza Nyanzobe ni kukataa. Akishasema hapana, umlilie, umpigie magoti, ni hapana.

Mimi ni mkia. Ndivyo wanavyoniita kundini. Kazi yangu ni kuendesha nyuma ya wote ili asiachwe mtu njiani. Kwa hiyo siku ile nilikuwepo kila mahali, na sikufanya lolote ila kuona.

Kila mwaka, mwezi wa nane, kundi letu linatoka Igunga kwenda Singida kwa baiskeli. Ni safari ya kutwa. Aliyeianzisha ni marehemu Masele, mume wa Limi. Mwaka juzi Masele aliugua figo, akalala hospitali miezi minne, akafariki. Baiskeli yake ikabaki sebuleni kwake, imeegemezwa kabatini. Ni baiskeli nzuri, nyepesi, ya gia, na hapa kwetu hakuna asiyeitamani.

Limi hakuwahi kuendesha na sisi hata mara moja. Alikuwa na mambo yake. Anafundisha darasa la pili, watoto tisini chumba kimoja, na jioni alikuwa hana hamu ya kitu. Lakini mwaka huu, wiki tano kabla ya safari, alikuja kwenye mkutano wetu akakaa mwisho wa benchi.

"Nataka kwenda na ninyi," alisema.

Kitundu akamwambia kwa upole, "Shemeji, ile njia ni ndefu. Na kuna mlima."

"Najua kuna mlima. Miaka kumi na sita nimefua nguo za mtu aliyetoka kwenye huo mlima." Akaongeza, "Nimechoka kuifuta vumbi ile baiskeli. Kila Jumapili naifuta. Nataka itoke mle ndani, lakini itoke na mimi juu yake."

Tukakubali. Akaanza mazoezi, kila jioni kuelekea Ziba na kurudi, peke yake, siti ameishusha mno mpaka magoti yanagonga usukani. Gunda alimwona siku moja akipita, akamsimamisha, akaipandisha siti bila kusema neno, akamruhusu aende.

Siku ikafika. Tulitoka kunapambazuka, watu kumi na tisa. Limi alikuwa amevaa kofia ngumu ya Masele, kubwa kwake, inamshuka usoni. Nusu saa ya kwanza alikuwa anacheka. Alikuwa hajawahi kusikia ile sauti ya cheni nyingi zikizunguka pamoja barabarani, na alinigeukia akasema, "Kumbe ndiyo hii aliyokuwa anaifuata!"

Halafu tukaingia mbuga ya Wembere.

Anayeijua Wembere mwezi wa nane ananielewa. Ni tambarare, hakuna mti wa maana, na upepo unatoka mashariki, usoni kabisa. Kundi likakaza. Limi akaachwa mita hamsini, mita mia, mita mia tatu. Nilibaki naye, lakini mimi ni mwembamba, siwezi kumkinga mtu. Aliinamisha kichwa, anakanyaga, na baiskeli kama haiendi. Nilimwona anafuta macho kwa mgongo wa mkono, na sikumuuliza ni upepo au ni nini.

Kitundu alikuwa mbele kabisa. Lazima niwaambie jambo hili: miaka minne mfululizo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika Singida, na mwaka huu alikuwa ameapa kutimiza wa tano. Aligeuka nyuma mara moja tu. Akageuza baiskeli. Wenzake wakampigia kelele, "Unakwenda wapi wewe?" Akarudi mpaka kwetu, akazunguka, akakaa mbele ya Limi.

"Shemeji, tazama mgongo wangu tu. Usitazame njia."

Hivyo wakavuka Wembere nzima. Limi alipopunguza, Kitundu naye alipunguza; alipokaza, naye alikaza. Kwa saa mbili na nusu Kitundu alibeba upepo wa watu wawili. Tulipofika Shelui, alishuka akakaa chini, ameegemea ukuta wa duka, mapaja yanatetemeka. Alijaribu kusimama mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Basi, mimi nimeishia hapa." Tukampakia kwenye pikapu ya Nyanzobe, yeye na baiskeli yake. Mbele ya macho yake, wale aliozoea kuwaacha nyuma walikuwa wameshaanza kupanda mlima.

Tuliondoka Shelui watu watatu: Limi, mimi, na Gunda, aliyekuwa amechelewa kwa sababu alisimama kumrekebishia mtu breki. Hatujaenda mbali, lori likatupita karibu mno. Limi akakwepa, gurudumu la nyuma likaingia kwenye shimo. Tulisikia mlio. Spoki nne zimekatika, ringi imepinda, gurudumu linagonga fremu.

Limi alikaa kwenye kokoto akalitazama.

"Linanyooka?" aliuliza.

Gunda alilizungusha, akatikisa kichwa. "Halinyooki hapa, shemeji."

"La akiba?"

"Hatuna la saizi hii, na magurudumu ya Kitundu ni makubwa. Chukua baiskeli yangu uende."

"Sikuja kufika na baiskeli yako, Gunda," Limi alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejibu swali la mwisho kwenye mtihani mrefu.

Gunda hakubishana. Aliipindua baiskeli yake, akafungua gurudumu la nyuma, la saizi ileile, akalifunga kwenye baiskeli ya Masele. Akaikaza cheni, akazijaribu gia moja moja, akapuliza mchanga ulioingia kwenye pedali. Miaka kumi na moja aliyokwenda safari hii, Gunda hakuwahi kukosa kufika kwa kukanyaga mwenyewe. Mwaka Masele alipokuwa hospitali, Gunda ndiye aliyekwenda kumweleza tulivyofika. Sasa alikuwa ameshika fremu isiyo na gurudumu la nyuma, anasubiri pikapu, maana hata baiskeli ya Kitundu ni kubwa, haimfai.

"Gia ya kati itakuwa nzito kidogo," alimwambia Limi. "Usiilazimishe." Hayo ndiyo maneno yake yote.

Tukabaki wawili, na mbele yetu Sekenke.

Sitawaeleza sana juu ya mlima ule. Ni kona juu ya kona, malori yanapanda yananguruma, moshi unakuingia mdomoni. Kona ya tatu Limi alishuka. Akailaza baiskeli pembeni, akalala naye kando yake, kofia usoni. Pikapu ikafika, ikasimama. Kitundu na Gunda walikuwa wamekaa nyuma na mizigo.

"Nyanzobe," Limi alisema bila kuinuka, "nipakie."

Hapa lazima mjue kuwa Limi na Nyanzobe ni mashoga wa miaka ishirini. Nyumba zao zinatazamana. Masele alipofariki, Nyanzobe alilala kwa Limi siku arobaini, kwenye mkeka, kando ya kitanda chake.

Nyanzobe akatoa kichwa dirishani. "Hapa kona, siwezi kupakia. Unaona lile bango la njano? Njoo pale, nitakupakia."

Akampa chupa ya maji, akaondoa gari. Limi akanyanyuka, akapanda, akakanyaga kuelekea bango la njano, pole pole, mpaka mimi nyuma yake nilikuwa naogopa kuanguka kwa kukosa mwendo. Alipolifikia, mkono wake umeshanyooshwa kwenye mlango, Nyanzobe akatia gia.

"Hapa pana mteremko, gari litarudi nyuma. Njoo pale kwenye jiwe jeupe."

Kwenye jiwe jeupe akasema kuna lori linakuja. Kwenye daraja dogo akasema njoo juu kidogo penye kivuli. Kitundu alikuwa anagonga bodi ya pikapu kwa ngumi, "Mpakie mwanamke wa watu! Unataka afe?" Gunda alikuwa ametazama chini. Kila mara Nyanzobe alimpa maji, alimtazama usoni, kisha akaondoka. Mara tisa. Nilihesabu. Mara ya saba Limi alimwita mwongo. Ya nane alimwita jina ambalo sitalitamka mbele ya watoto. Ya tisa hakusema kitu, alikuwa analia huku anakanyaga, na alipoinua kichwa kulitafuta gari, hakukuwa na kona nyingine. Tulikuwa juu.

Alishuka, akampita Nyanzobe kama anapita nguzo ya umeme. Nyanzobe alikuwa amesimama na chupa mkononi. Chupa haikupokelewa.

Kutoka pale hadi Singida alikwenda mwenyewe. Ni njia ya kupanda na kushuka, na hakuomba tena kitu kwa mtu. Tulifika jua linaelekea kuzama, kwenye kantini tunayofikia siku zote, karibu na ziwa. Wenzetu walikuwa wameshaoga. Walisimama wote wakapiga makofi, na Limi hakuwa na nguvu ya kuinua mkono. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akakaa sakafuni, akaomba uji. Alikunywa bakuli zima bila kupumzika.

Kisha akasema, "Hii baiskeli sirudi nayo. Achukue aliyenifikisha."



"Ni nani, Limi?" niliuliza.

"Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Sikuona vizuri. Wewe ulikuwa nyuma yangu, wewe ndiye uliyeona." Akafumba macho. "Sema wewe."

Ndipo maneno yakaanza. Mmoja akasema ni ya Kitundu. Bila yeye Limi angeugeuza usukani kabla ya saa nne asubuhi, na mlima angeuona wapi? Tena aliacha ushindi ambao pengine hataupata tena, umri unakwenda. Mwingine akasema ni ya Gunda. Upepo mtu anaweza kuupigania kidogo kidogo, lakini bila gurudumu hakuna safari, na hata sasa ukiitazama baiskeli, sehemu yake ya nyuma ni ya Gunda. Mama mmoja mwenye kantini, ambaye alikuwa ameniuliza mambo yote, akasema yeye angempa dereva. "Hao wawili walimsaidia alipotaka kwenda," alisema. "Huyu alimsaidia alipokuwa hataki."

Kitundu akaruka. "Kwa uongo? Mara tisa? Na amekaa kwenye kiti, hata jasho hakutoka! Hajui hata kupanda baiskeli, ataifanyia nini?"

 Nyanzobe alikuwa mlangoni, anafunga kamba za mizigo ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Gunda naye alipoulizwa alisema tu gurudumu lake si lazima lirudi.

Sikutamka kitu siku ile. Nilisema nimechoka, na nilikuwa nimechoka kweli. Baiskeli tuliiacha pale kantini, wakaniambia nitamke tukikutana tena pale pale. Tangu hapo wiki tatu zimepita. Kitundu ameanza tena kuzungusha maziwa, lakini hatanii watu kama zamani. Gunda amejitengenezea gurudumu jingine kwa vipande vya zamani. Limi analala usiku kucha, amenieleza mwenyewe, na sebule yake ina nafasi. Na nyumba mbili zinazotazamana, milango yao haifunguliwi kwa wakati mmoja. Nilimgusia Limi habari za Nyanzobe. Akasema, "Najua nisingefika. Lakini ninapomwona, naliona lile gari linaondoka."

Yeyote nitakayemtaja, Limi ndiye atakayemkabidhi baiskeli ya mumewe, mkono kwa mkono, mbele yetu wote.

Kitundu aliupoteza ushindi wake. Gunda aliipoteza safari yake. Nyanzobe alimpoteza shoga yake. Ukimtoa mmoja wao, Limi hafiki. Mimi nimezunguka na jambo hili mpaka kichwa kinauma, na Jumamosi ni kesho kutwa.

Haya, nyie mliokaa mkanisikiliza: mngekuwa nyuma ya Limi siku ile badala yangu, mngelitaja jina la nani?