Kwa Nini Fisi wa Langoni Hukua Kila Shujaa Anapokua

Ninyi mnaoshinda mbele ya skrini mkizurura katika nchi za mchezo, zile nchi pana ambamo mtu huenda atakako, malalamiko yenu yamesikika. Umeanza safari na kirungu mkononi, fisi wa langoni mwa kijiji akakutoa jasho. Umehangaika wiki nzima, umepanda viwango arobaini, umepata upanga unaowaka moto, ukarudi langoni kwa madaha ili umtie fisi yule adabu, naye akakutoa jasho lilelile. Mnasema waliotengeneza mchezo wana roho mbaya. Waacheni, hawana kosa. Waliikuta nchi ikiwa hivyo tayari, na aliyesababisha ikawa hivyo ni mwanamke mmoja aliyeitwa Nyamvula, mtu mwema kabisa, ila alikuwa na hofu.

Kabla wanyama hawajajifunza kusikiliza, kila mmoja wao alikuwa na nguvu zake na mahali pake, na hakuna aliyekosea. Kando ya kijiji cha Ngorwe ulikuwepo msitu wa Kizingiti, na fisi wa Kizingiti alikuwa mnyama wa kufukuzwa na bibi mwenye ufagio. Mbele ya msitu ilikuwepo mbuga yenye nyati wakorofi, na baada ya mbuga mabonde ya chui. Mwisho kabisa yalisimama Majabali, na huko alilala Joka ambaye hakuna aliyemwona akarudi kusimulia. Mtu alijua aendako na alijua atakachokikuta. Wanawake wa Ngorwe waliingia Kizingiti kuteka maji kwenye chemchemi huku wakipiga soga, na watoto mgongoni.

Watu wa Ngorwe walikuwa na desturi moja ambayo waliipenda kuliko zote. Aliyeua mnyama mkali alifungwa njuga moja mguuni, mbele ya kijiji kizima, kwa vigelegele. Na njuga zile hazikuwa za kuchezea ngoma. Kila moja iliongeza nguvu katika mkono wa aliyeivaa, kiasi kwamba mwenye njuga kumi aliinua peke yake gogo la kuinuliwa na watu wanne. Mtu hakuruhusiwa kuzivua. Akizikata, hazifungwi tena maisha yake yote, na mkono wake unarudi kuwa mkono wa kila siku. Desturi nzuri, lakini wazee walioiweka walisahau jambo moja. Hawakusema njuga ya fisi iwe ndogo kuliko njuga ya chui. Mnyama ni mnyama, njuga ni njuga, ndivyo walivyoona, na hakuna aliyefikiria kwamba siku moja atatokea mtu wa kulitumia pengo hilo.

Baba yake Nyamvula alikuwa na njuga saba alipoondoka kwenda Majabali. Hakurudi. Mama yao alikuwa amekwisha kufa, hivyo Nyamvula akabaki na mdogo wake, Mbodze, ambaye wakati huo alikuwa bado anatambaa. Alimlea kwa uji na kwa wasiwasi. Mtoto akikohoa mara moja, dada mtu halali. Akichelewa kurudi kutoka uwanjani, dada mtu amekwisha toka na fimbo. Hata Mbodze alipokua msichana mrefu wa kubeba vibuyu viwili vya maji kwa mzega, ule mti wa begani, Nyamvula bado alimhesabia hatua.

Wazee walipomwita Nyamvula wakamwambia kwamba sasa zamu ya kwenda Majabali kupambana na Joka imemfikia yeye, kwa kuwa ndiye mwenye mkuki mwepesi kuliko wote kijijini, aliitikia kwa adabu kama inavyompasa mtoto wa kulelewa vizuri. Alisema atakwenda, ila kwanza ajipatie nguvu za kutosha. Hakuna aliyemlaumu. Ni nani angetaka ayafuate ya baba yake na njuga saba?

Basi kesho yake asubuhi akaingia Kizingiti, akaua fisi, akafungwa njuga. Kesho kutwa akaua mwingine. Akazoea. Kila kulipokucha alikwenda palepale, kwa fisi walewale wa kufukuzwa na ufagio, na kila adhuhuri akarudi na kufungwa njuga uwanjani. Wenzake walivuka kwenda mbugani, wakarudi wamechanika mbavu na njuga moja tu, yeye amekwisha fikisha sitini bila mkwaruzo. Alipoulizwa lini atakwenda Majabali, alijibu kwamba bado kidogo. Alipofikisha mia alijibu hivyohivyo. Ukweli ni kwamba kila alipowaza Majabali alimwona Mbodze amekaa peke yake jikoni, mbele ya moto uliozimika. Alijiambia kwamba njuga mia tatu zitamwondolea hofu. Zilipofika mia tatu, hofu ilikuwa palepale, na msitu ulikuwa kimya. Hata vile vicheko vya fisi vya alfajiri, ambavyo watu wa Ngorwe waliamkia, havikusikika tena.

Siku hiyo ndipo Mwenye Pori alipotoka. Watu wa kale walisema kila pori lina mwenyewe, na huyu alikuwa kikongwe mwenye nywele za ukoka, amebeba kitoto cha fisi kilichobaki bila mama. Nyamvula alishika mkuki. Kikongwe hakuutazama mkuki. Alimtazama usoni, akamwambia neno moja tu.

“Umewaua wanaokuogopa ili usikutane na yule unayemwogopa. Haya, mwanangu. Kuanzia leo, kila utakayekutana naye utamwogopa.”

Halafu akainama, akakinong'oneza kile kitoto sikioni, na alichokinong'oneza Nyamvula hakukisikia. Alikifundisha kusikiliza njuga. Alikiambia kwamba mwenye njuga moja akipita, kiwe na nguvu za njuga moja, na mwenye njuga mia akipita, kiwe na nguvu za mia. Kikawaambia wenzake waliobaki, fisi wakawaambia nyati, nyati wakawaambia chui, habari ikaenea nchi nzima mpaka chini ya Majabali. Huko ilikoma, kwa sababu Joka alikuwa amelala na hakuna aliyethubutu kumwamsha ampe habari. Ndiyo maana katika mchezo mpaka leo yako madubwana machache yasiyobadilika, yanayokungoja na nguvu zao zilezile uwe mdogo, uwe mkubwa.

Nyamvula alirudi nyumbani asimwambie mtu. Aliona aibu. Alidhani kikongwe amemtia woga moyoni, basi, na woga alikuwa amekwisha uzoea.

Wiki ileile aliandamana na Mbodze kwenda chemchemini, na fisi akawatokea njiani akiwa na kimo cha ndama. Walipigana mpaka Nyamvula akararuliwa bega. Alimwua, akafungwa njuga nyingine, na usiku kucha akawaza kwamba fisi wa Kizingiti wameharibika, kwamba sasa mdogo wake asiende popote bila yeye. Safari iliyofuata fisi alikuwa mkubwa zaidi. Nyamvula akazidi kumganda Mbodze. Alitembea mbele yake, akageuka, akatembea nyuma yake, akasimama kusikiliza kila jani lililoanguka, na muda wote huo njuga mia tatu na kitu zinalia mguuni mpaka goti.

Wanawake wa kijiji hawakuchelewa kuona. Wakienda wenyewe, wanakutana na fisi wa zamani, wanampigia kelele, anakimbia. Wakienda na shujaa wao, wanakutana na mauti. Taratibu wakaanza kutoka mapema kabla hajaamka, kila mmoja na kisingizio chake, kwa maana nani atamwambia mtu wa njuga mia tatu kwamba usitusindikize?

Mbodze ndiye aliyemwambia. Ilikuwa baada ya Nyamvula kuugua homa ya bega siku tatu, na maji yakawa yamekwisha ndani. Alimweleza dada yake kwamba alikwenda chemchemini peke yake, na fisi akamtokea, mdogo, amekonda, akamtupia jiwe na fisi akaenda zake.

“Dada,” alisema, “mimi sifukuzwi na fisi. Nafukuzwa na yule anayekuja ukiwepo wewe.”

Maneno hayo yalimchoma Nyamvula kuliko makucha. Alimfokea. Alimwambia kwamba hajui anachosema, kwamba alipona kwa bahati, kwamba amemlea kwa mikono yake miwili na hatamzika kwa mikono hiyohiyo. Mbodze alilia, na Nyamvula naye akalia, kisha kesho yake asubuhi wakapatana kwa shingo upande: Mbodze atangulie na mzega wake, dada yake afuate mbali, mbali kabisa, asionekane.

Lakini njuga hazihitaji kuonekana. Mbodze alikuwa amekaribia chemchemi, vibuyu vikimning'inia begani, pale fisi alipotoka kichakani na kusimama mbele yake. Alitoka akiwa na ukubwa wa mbuzi. Mbodze aliganda. Nyamvula alimwona kutoka mbali, akapiga ukelele, akaanza kukimbia.

Na alipokuwa anakimbia aliona kwa macho yake. Kila hatua aliyopiga, njuga zikalia, na fisi akapanda. Akawa ndama. Akawa fahali. Mabega yake yakapita kichwa cha Mbodze, taya zikapanuka mpaka zikawa na upana wa mlango. Nyamvula alisimama ghafla kwa kutoyaamini macho yake, na njuga ziliponyamaza, fisi naye akaacha kukua. Aliinua mguu mmoja tu. Njuga zikalia kidogo, na fisi akaongezeka kidogo.

Hapo akaelewa kitoto cha fisi kilinong'onezwa nini. Kila kiungo chake kilitaka kukimbia kwa mdogo wake, na kila hatua ya kukimbia ilikuwa ya kumwua. Alisimama palepale akitetemeka, na kutetemeka kwenyewe kukawa kunaziliza njuga. Alijaribu kuzuia mguu wake kwa mikono yote miwili. Haukuzuilika.

Akachomoa kisu. Alikata uzi wa kwanza, ule wa gotini, njuga hamsini zikamwagika kwenye majani, na mkono wake ukawa mzito. Fisi akapungua, akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa na kumbe hakuitwa. Akakata wa pili. Mkuki ukamlemea, ukaanguka. Aliendelea kukata, na kila uzi uliokatika aliisikia nguvu aliyoikusanya ikitoka mwilini, mpaka akabaki na uzi mmoja wa kifundoni wenye njuga chache za mwanzo kabisa. Alisita juu ya uzi huo. Akiukata, hata kama fisi atabaki na ukubwa wa mbwa, yeye hatakuwa na uwezo wa kumsaidia Mbodze kwa lolote. Atakuwa mtu wa kutazama tu. Mdogo wake, ambaye yeye alimhesabia hatua tangu anatambaa, itabidi ajitetee mwenyewe.

Akaukata.

Fisi wa Kizingiti akarudi kuwa fisi wa Kizingiti, mchafu, mwenye mguu mmoja wa kuchechemea. Mbodze alishusha mzega begani, vibuyu vikapasuka chini, akampiga nao puani mara mbili. Fisi alilia, akaingia kichakani. Kisha Mbodze akaja mpaka alipoanguka dada yake, akamnyanyua, kwa kuwa Nyamvula hakuwa tena na nguvu za kusimama, akambeba mgongoni mpaka nyumbani.

Wazee walikasirika. Wengine walisema Ngorwe imepoteza shujaa kwa ajili ya vibuyu viwili vya maji. Nyamvula aliishi miaka mingi, akateka maji pamoja na mdogo wake na wanawake wengine, akajifunza upya kumfukuza fisi kwa kumpigia kelele. Hofu haikumwisha, na hakuna haja ya kuwadanganya ninyi kwamba iliisha. Ila Mbodze akienda peke yake, alimwacha aende, akakaa mlangoni kumngoja.

Na tangu siku hiyo, katika nchi zote za mchezo, mnyama huwa na nguvu za yule anayemjia. Mashujaa waliofuata walisimuliwa habari hii yote, na kila mmoja alipofungwa njuga ya kwanza alipewa pia kisu cha kuzikatia. Hakuna aliyekitumia. Utamu wa njuga mnaujua wenyewe. Ndiyo maana huyo shujaa mnayemwendesha mchana kutwa hutembea peke yake, hana mama wala dada anayeandamana naye, nanyi mnadhani waliomtengeneza walisahau kumpa ndugu. Anao. Wako nyumbani, na wakisikia njuga zake zinakuja, huwaita watoto ndani na kufunga mlango.