Firigisi ya Nesi Hizza

Sogeeni karibu. Mwenye jibu alimeze kwanza, atalitoa mwisho.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bi Somoe alikuwa na pua ya kunusa uongo. Sista Perpetua, nesi wa zahanati, aliandika kila kitu daftarini, hata mbuzi akipita uani. Na Mwalimu Shekilindi, refa wa mechi za kijijini, hakuwahi kubadili uamuzi tangu apewe filimbi. Nyumbani kwake akisema wali haujaiva, haujaiva, hata ukiungua.

Hizza, mtoto wa kaka yake Bi Somoe, yeye alijaliwa mashuti na hasira za karibu. Siku moja refa akawapa wapinzani penalti dakika ya mwisho, Hizza akamzaba kofi mbele ya kijiji kizima. Mahakama ikamtia hatiani, ikamwamuru afagie zahanati miezi sita. Akafagia, na katika kufagia akaipenda kazi ya unesi. Akaenda chuo, akafaulu. Ikabaki leseni tu. Sista Perpetua naye alikuwa anastaafu mwezi unaofuata, na bila nesi mwenye leseni zahanati ingefungwa, wajawazito wapande pikipiki hadi mjini.

Fomu ya leseni ilikuwa na swali: umewahi kutiwa hatiani mahakamani? Hizza akashika kalamu aandike "Hapana". Bi Somoe akatoka jikoni, akaichukua fomu, akaikalia.

"Shangazi, inuka, fomu inakunjika!"

"Ikunjike. Wewe ndiye uliyepinda."

Aliikalia tangu asubuhi hadi alasiri, akichambua mchele hapo hapo. Hizza akasalimu amri, akaandika "Ndiyo".

Baraza la leseni likamwita ajieleze, aje na mashahidi wake. Mwenyekiti akafungua faili. "Nakala ya hukumu tunayo. Ungeandika hapana, tungekurudisha mlangoni. Umesema kweli, vizuri. Lakini tutajuaje kama umebadilika?"

Sista Perpetua akainuka na daftari lake, akasoma: "Jumatatu, Hizza kachelewa dakika nne. Jumanne, kafagia hadi chini ya vitanda. Jumatano, mzazi mwenye uchungu kakosa mtu wa kumshika mkono, kamshika Hizza. Hizza kazirai. Alhamisi, mzazi mwingine. Hizza hakuzirai." Akasoma miezi sita yote, hakuruka hata mbuzi. Wajumbe wawili walisinzia, lakini waliamka wameridhika.

"Na aliyepigwa anasemaje?" akauliza mwenyekiti. "Huyu atashika wagonjwa. Mkono wake una kesi."

Mwalimu Shekilindi akasimama, jasho likimtiririka. "Kofi lilikuwa kofi, na adhabu alistahili. Lakini alipokuja kwa mafunzo ya vitendo, mkono huohuo ulinisafisha kidonda cha mguu wiki tatu, wala sikuumia. Nimemsamehe." Kisha akasema kwa shida, "Na ile haikuwa penalti."

"Mzee, penalti haituhusu."

"Inanihusu mimi!"

Hizza akalia palepale, mtu mzima na mabega yake. Leseni ikatoka.

Kijiji kikafurahi, akachinjwa jogoo. Nanyi mnajua ada: firigisi hupewa mgeni wa heshima kuliko wote, nayo haikatwi, maana ukiikata umewavunjia heshima wote. Na jogoo ana firigisi moja.

Hizza akasimama na sahani. Wale watatu wamekaa mkekani, wamenawa mikono.

"Bila mimi ungefukuzwa kabla hujaketi," akasema Bi Somoe.

"Kusema kweli ni mwanzo tu," akasema Sista Perpetua. "Bila daftari langu wangekuhurumia, wakakurudisha nyumbani."

Mwalimu Shekilindi akajishika uso. "Kwani shavu lilikuwa la nani?"

Hizza akapiga hatua kwa shangazi yake, Sista akakohoa. Akamgeukia Sista, refa akatoa filimbi mfukoni. Akajaribu kurudi jikoni, wote watatu wakasema, "Kaa hapo hapo!"

Hadi leo amesimama, mchuzi unapoa. Haya, toeni majibu yenu, nyinyi mlioyameza: sahani hiyo mngeiweka mbele ya nani, na wale wawili mngewatazamaje usoni?