Konokono na Matanga ya Kabichi

Nina ngano!

— Ilete!

Ni ndefu?

— Kama mkia wa nguruwe!

Basi kaeni vizuri. Na wewe pale, acha kutafuna.

Mama Shemdoe wa milimani alikuwa na matuta manne, matatu ya kabichi na moja la maua. Maua yale ni ndugu wa damu wa kabichi. Majani yao yana ladha ileile, ila wao wamejaliwa kunukia. Humo ndimo Konokono alimokaa, na humo ndimo alimokula.

Akaja Nguruwe wa porini. Siku ya kwanza, kapu-kapu-kapu, tuta likaisha. Siku ya pili, kapu-kapu-kapu, tuta likaisha. Siku ya tatu, kapu-kapu-kapu, la tatu nalo likaisha. Konokono akaogopa kweli. Maua yakiliwa, atahamia wapi? Shamba la jirani kwake ni safari ya mwezi mzima, na kiangazi kile!

Siku ya nne Nguruwe huyo, pua mbele. Fff! Fff!

"Shikamoo, mjomba," Konokono akamwamkia kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Mbona kunanukia hivi?"

"Udi, mjomba. Tuna msiba. Hawa unaowaona ni wafiwa, ndugu zake kabichi."

Nguruwe ni mlafi, lakini kafunzwa na mamaye. Akainamisha kichwa. "Poleni jamani. Marehemu aliumwa nini?"

"Hakuumwa. Kaliwa."

Nguruwe akalamba upesi jani lililomganda mdomoni.

"Na... aliyemla mnamjua?"

"Bado. Ila wazee wamesema atajulikana tu. Ni yule atakayekwepa kuchimba kaburi."

"Kaburi liko wapi?" Nguruwe akadakia. "Nionyesheni haraka!"

Akaonyeshwa tuta la kwanza. Fuku-fuku-fuku, akalichimba. Akaonyeshwa la pili. Fuku-fuku-fuku, akalichimba. La tatu, fuku-fuku-fuku, jasho linamtiririka, tumbo linamlia. Akaaga kwa adabu, akaondoka na njaa yake, wala hakurudi tena kilima kile.

Mama Shemdoe alipofika akakuta shamba limelimwa. Akashangaa, akashukuru, akapanda kabichi nyingine.

Konokono akarudi kwa wafiwa, telee, telee. Akawapa pole mmoja mmoja. Kisha akaanza kula, akianza na aliyenona.

Ngano yangu imefika ukingo wa tuta. Funzo lake, wanangu, ni moja tu: mfiwa haliwi.

— Haliwi!

Na wewe pale, futa mdomo.