Mtungi wa Siki wa Kadhi Muzahimu

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut aliishi kadhi aitwaye Muzahimu bin Rabii, rehema za Mola zimshukie. Fiqhi aliijua barabara, lakini fiqhi pekee haikumtosha. Alipima vivuli vya jua, aliroweka mizizi ya dawa, na msafara ukiingia mjini alikuwa wa kwanza kuwauliza wageni kwao huoaje na huzikaje. Mkewe, Bi Lubaba, alikuwa akimtania, "Bwana, iko siku utawahoji hata ngamia wao."

Uzee ukamfika, na uchovu nao. Miaka arobaini ya kusikiliza watu wakiapa si mchezo. Tumbo likawa linamsumbua, na kitabu cha matabibu kikasema dawa yake ni siki ya tende. Lakini siki nzuri mjini haikuwapo tena. Aliyekuwa akiitengeneza ni mjane mmoja, Bi Unaisa, na miaka tisa nyuma Kadhi huyu huyu aliamuru mitungi yake ivunjwe. Jirani alishuhudia kwamba ameona ndani yake kitu kinene, cheupe, mfano wa ngozi. Na sheria waliyoifuata ilisema: pombe iliyogeuka siki yenyewe ni halali, iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu ni haramu. Kadhi akaona ile ngozi ni kitu kilichotiwa, akahukumu siku hiyo hiyo. Tangu hapo Bi Unaisa akawa anafua nguo za watu, na salamu zake wengine hawaitikii.

Basi Kadhi akaroweka tende zake mwenyewe. Akaufunika mtungi kwa kitambaa, akakaza kamba, akagonga muhuri wake juu ya fundo, akauweka darini.

"Watu watasema Kadhi anapika pombe," Bi Lubaba akasema huku ameziba pua.

Siku ya hamsini akaufungua. Subhanallah! Juu ya siki umelala utando mnene, mweupe, mfano wa ngozi. Na muhuri ulikuwa haujaguswa. Kadhi akaketi palepale.

"Umwage," mkewe akamwambia kwa huruma. "Nani ajuaye ila mimi nawe? Umechoka, mume wangu. Waache wakuzike na heshima yako."

"Na Mola aliyetuona je?" akajibu.

Ijumaa, baada ya swala, akasimama na mtungi wake mbele ya watu. "Jirani alisema kweli aliyoiona," akasema, "ila mimi nilihukumu nisichokijua. Siki ya Bi Unaisa ilikuwa halali siku zote." Wako waliolia, na wako waliocheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe tulikuwa tukihukumiwa kwa kubahatisha!" Kadhi akayasikia yote, akaubeba mtungi begani mpaka kwa mjane.

Alimkuta anaanika nguo. Bi Unaisa akauinamia mtungi, akautazama ule utando.

"Sheikh," akasema, "uliliuliza jua, ukaiuliza mizizi, ukawauliza wageni wanavyozika. Mimi nilisimama mbele yako, hukuniuliza hata neno moja."

Kadhi machozi yakamtoka, ndevu zikalowa. "Leo nakuuliza, binti yangu. Huu ni nini?"

"Siki ikiiva hujivika yenyewe. Ungeniuliza, ningekwambia mchana ule ule."

"Utanisamehe?"

Bi Unaisa akajifuta mikono. "Nimechoka kukuchukia, Sheikh. Utue huo mtungi, unamwagika."

Husemwa kwamba kuanzia siku hiyo Kadhi hakukata shauri ila kwanza amwambie mshtakiwa, "Hebu nieleze kazi yako." Nasi, ndugu zangu, tusome, tuulize, tuchunguze, maana hayo yote ni kheri. Lakini Mola atuepushe na elimu inayofika kila mahali isimfikie mja aliyesimama mbele yetu.