Nati Yenye Rangi ya Kucha

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, simu za mkononi zilikuwepo, mjini Korogwe aliishi mama mmoja jina lake Bi Mwantumu Shemdoe. Umri wake miaka sabini na mmoja. Alikuwa na magoti mabovu, ulimi mzima, na gari la mbio.

Ndiyo, gari la mbio. Msinikodolee macho. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, la tangu enzi za ujana wake, alipokuwa akishindana kwenye mashindano ya magari pamoja na mumewe, Bwana Hoza. Waliliita Kurumbiza, kwa kuwa injini yake ikishapata moto iliimba kama ndege yule wa alfajiri.

Nje ya mji kuna mlima, unaitwa Kwemlonge. Barabara yake ina kona kumi na moja. Bwana Hoza alipata kuupanda na Kurumbiza kwa dakika tisa kamili. Bi Mwantumu aliupanda kwa dakika tisa na sekunde kumi. Basi miaka arobaini ya ndoa, kila walipogombana, hata ugomvi ukiwa wa chumvi kwenye mchuzi, mume alimalizia kwa neno lilelile: "Sawa mke wangu, umeshinda. Lakini kuna sekunde kumi." Mke alimrushia kanga, wakacheka, yakaisha.

Bwana Hoza akafa. Mwaka wa pili wa ujane, daktari akamwambia Bi Mwantumu kwamba ana presha ya macho. Kuona kwake kulikuwa kunabanwa pande zote, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. "Mama," daktari akasema, "Ramadhani ikiandama, usukani usiushike tena." Ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Bi Mwantumu hakulia. Aliliwasha gari, akaenda gereji.

Gereji ile ilikuwa na mafundi watatu. Mzee Kaniki alikuwa fundi wa injini, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Zuhura alikuwa binti wa miaka thelathini, hodari wa magari ya kisasa. Wa tatu ni Petro Mhando, fundi wa breki na springi. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa juu ya tairi.

"Wanangu," akasema, "nataka kuupanda Kwemlonge chini ya dakika tisa, kwa mikono yangu, macho yangu yakiwa bado yananitii. Kurumbiza amezeeka, pumzi hana. Mwongezeeni nguvu. Nikishapanda, gari kwangu halina kazi tena. Atakayenifikisha juu ndiye atakayelichukua."

Mafundi wakatazamana. Kurumbiza! Hakuna fundi Korogwe nzima ambaye hakuwahi kuliota gari lile.

Zuhura akatangulia. "Bibi, njia fupi ni kung'oa injini hii tuweke ya gari jipya. Nguvu mara mbili, wiki moja tu."

"Hapana," akasema Bi Mwantumu. "Ukimtoa moyo, atakayepanda si Kurumbiza. Nitamshinda vipi mume wangu kwa gari la watu wengine?"

Mzee Kaniki akakohoa. "Nguvu hutoka tumboni. Nitatanua silinda, niweke pistoni kubwa, nichonge hedi, kile kifuniko cha silinda, ili mchanganyiko wa mafuta na hewa ubanwe zaidi."

"Nguvu hutoka kwenye pumzi," akasema Zuhura. "Nitamfungia tabo." Tabo, kwa msiojua, ni kijifeni kinachozungushwa na moshi wa injini, nacho kinaisukumia injini hewa kuliko ile inayoweza kuvuta yenyewe.

Petro Mhando alikuwa akifuta mikono. "Mimi sitaongeza nguvu hata chembe," akasema. "Nitapunguza uzito, nitaweka rejeta kubwa ya kupoza injini na breki mpya. Gari lisiloweza kusimama halina nguvu, lina kiherehere."

"Fanyeni yote," akasema Bi Mwantumu.

Sasa sikilizeni desturi ya gereji ile, maana hadithi yote imekaa hapo. Fundi akikaza nati, huipaka mstari wa rangi yake, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mzee Kaniki alipaka nyeupe. Petro alipaka bluu, iliyobaki siku alipopaka mlango wa kanisa. Zuhura alipaka rangi yake ya kucha, nyekundu ya kung'aa. Nati yenye rangi ya mwenzako huigusi. Ukiigusa umemwambia hajui kazi, na watu wamehama gereji kwa jambo hilo.

Mzee Kaniki akaanza. Siku ishirini alishinda ameinama juu ya injini, mgongo ukimuuma, akipima silinda kwa vidole na kwa vipimo. Akaweka pistoni kubwa, akachonga hedi, akafunga, akatia rangi yake, akaenda zake.

Akafuata Zuhura. Tabo aliyoifunga hakuinunua. Aliikuta kwenye gari lililopata ajali, akaitunza miaka minne ili siku moja aje aifunge kwenye gari lake mwenyewe. Aliitoa kwenye kitambaa, akaitazama kidogo, akamfungia Bi Mwantumu. Akairekebisha ile nati inayoamua presha ya tabo, akafunga, akatia rangi yake, akaenda zake.

Akafuata Petro. Aling'oa viti vya nyuma, mazulia, redio, hata kile kijisahani cha majivu ya sigara. Akaweka rejeta, akaweka breki, akafunga, akatia rangi yake, akaenda zake.

Na hakuna aliyemuuliza mwenzake amefunga nini. Ndiyo ubaya wa desturi nzuri. Injini iliyobanwa sana ni njema, na tabo yenye presha kubwa ni njema, ila ukiziweka nyumba moja ni wake wenza: kila mmoja mwema kwake, wakikutana jikoni masufuria yanaruka.

Siku ya kupanda ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Saa sita na nusu Mzee Kaniki na Zuhura walikwenda kuswali. Petro akabaki peke yake gerejini. Akaliwasha gari, akalipeleka hadi mashamba ya mkonge ili azijaribu breki zake. Akakanyaga mafuta. Akasikia tik, tik, tik, kama punje za mahindi zinazorukia kifuniko cha sufuria. Injini ilikuwa inagonga. Presha ilikuwa imezidi.

Akarudi, akafungua boneti, akaitazama nati yenye rangi ya kucha. Akatazama upande wa msikitini. Angeweza kungoja. Hakungoja. Akachukua spana, akailegeza mizunguko miwili ili presha ishuke, akafunga boneti, akaenda kunawa mikono. Hakumwambia mtu.

Saa tisa mwenyekiti wa kijiji alifunga barabara, ng'ombe wakazuiwa. Mwalimu Sefu, mstaafu, alisimama kileleni na saa ya kupimia, ileile aliyompimia Bwana Hoza. Mafundi watatu nao walikuwa kileleni. Kitambaa kikapepea huko chini, Kurumbiza akaondoka.

Jamani, gari liliimba! Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pale ambapo miaka yote lilikuwa likiishiwa pumzi, kona ya tano, safari hii lilivuta kama limesukumwa mgongoni. Kona ya saba akatokea beberu mmoja ambaye tangazo la mwenyekiti halikumhusu. Bi Mwantumu, ambaye pembeni haoni, alimwona alipofika katikati kabisa. Akakanyaga breki. Gari likang'ang'ania barabara, likasimama, beberu akapita bila hata kugeuza shingo. Akaweka gia, akaondoka tena. Kona ya kumi na moja. Kileleni.

Mwalimu Sefu akabonyeza saa. Akaitazama mara ya pili. "Dakika tisa na sekunde mbili."

Bi Mwantumu alikuwa ameshika usukani, anatazama bonde lote chini yake, mkonge na mto na mabati ya mji, analitazama polepole kipande kwa kipande, kwa kuwa macho yake hayakuweza kulibeba lote kwa mara moja. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtiririka. "Bado ananishinda," akasema. "Mwanamume yule yuko kaburini na bado ananishinda!"

Zuhura alifungua boneti ili injini ipoe. Akauona mstari wake wa rangi ya kucha umekatika, nusu iko juu ya nati, nusu iko pembeni. "Nani amegusa nati yangu?"

"Mimi," akasema Petro, akaeleza yote.

Kesho yake Mzee Kaniki alifungua injini. Pistoni ya tatu ilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Wakamwita Bi Mwantumu, kila mmoja akasema lake.

Zuhura akasema: "Tabo ni yangu, ndoto yangu ya miaka minne. Bila tabo angeishiwa pumzi kona ya tano kama zamani. Beberu amekula sekunde mbili, lakini ile nati imekula kumi. Nani aliyemnyima bibi ushindi wake? Gari ni langu."

Mzee Kaniki akakohoa. "Ufa umetokea, lakini pistoni imefika juu bila kuvunjika, ndiyo kazi yangu hiyo. Tabo ukiifunga kwenye injini iliyochoka itapuliza nini, majivu? Mimi nati ya mtu sikugusa, na desturi yetu sikuvunja. Gari ni langu."

Petro akasema: "Kwa presha ile ya mwanzo, ufa huu ungekuwa tundu kabla ya kona ya saba, na injini ingekwama bibi akiwa ukingoni mwa bonde. Na beberu mlimwona, na breki mliziona. Mimi nimemfikisha juu mzima. Ahadi ilikuwa kufikishwa juu. Gari ni langu."

Bi Mwantumu akamgeukia. "Petro, mwanangu. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, bibi, ungesema kaza."

"Ningesema kaza," akakubali.

"Na pengine ungekufa."

"Pengine. Shingo ilikuwa yangu, na macho yalikuwa yangu, na sekunde zilikuwa zangu. Nashukuru ninapumua. Lakini ungeniuliza."

Petro akainamisha kichwa, akaanza kukusanya spana zake.

Ramadhani ikaandama, na daktari hakukosea. Sasa Bi Mwantumu hukaa barazani kwake, ufunguo wa Kurumbiza uko mezani, mkono wake uko juu ya ufunguo. Kila Ijumaa baada ya swala mafundi wote watatu huja, pamoja na Petro asiyeswali, humwashia gari aisikie injini ikiimba, kisha humrudishia ufunguo. Wamebadilisha pistoni. Nati ya presha imefungwa upya, na safari hii ina mistari mitatu, mweupe, mwekundu na wa bluu. Bi Mwantumu haioni, lakini wamempitisha kidole juu yake.

Neno lake moja limebaki: gari ni la aliyemfikisha juu. Kupanda kwenyewe hakukutimia kama alivyotaka, maana sekunde mbili ni sekunde mbili. Lakini juu alifika, na bonde aliliona. Mimi msimulizi hata baiskeli inanishinda, sitahukumu. Haya, nyinyi mnaoona vizuri, semeni: mkono ule ukinyanyuka juu ya meza, ufunguo uingie kiganja cha nani?